Aliye Njiani

Mwezi uliopita nilishindwa kujibu swali ambalo mtoto wa chekechea angelijibu bila kufikiri. Niliulizwa kama mama yangu yuko hai au amefariki. Aliyeuliza ni mwanamke mzee mwenye miwani, amekaa nyuma ya meza ndani ya hekalu la kale la dini ya Tao, katikati ya jiji la Guangzhou, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wenye haraka zao.

Najua utakalosema. Wewe na hekalu la Wachina wapi na wapi, binti wa Rwezamenyo, uliyefundishwa Alfatiha kabla hujajua kufunga kamba za viatu? Nisikilize kwanza, kisha utanisema. Unajua nina duka la bawaba, vitasa na reli za droo pale Gisozi, Kigali, jirani na maseremala wa soko la Agakiriro, na kila mwaka huenda kuagiza mzigo. Siku hiyo watu wa kiwanda walikuwa wameniambia nije alasiri, mvua ikaanza kunyesha, na mkalimani wangu akanivuta tukajikinge. Huyo mkalimani ni binti wa Kichina aliyesoma Kiswahili chuo kikuu, na anakizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Mimi nikiteleza nikasema "mzigo iko wapi", ananitazama kwa huruma.

Hekalu lenyewe ni dogo. Paa lake lina vigae vya kijani na pembe zilizokunjwa juu, na pande zote nne limezungukwa na maghorofa ya vioo marefu kiasi kwamba ukiwa uani lazima ulaze kichwa nyuma ndipo uone mbingu. Mkalimani aliniambia wamejenga jiji zima, wamebomoa wamejenga tena, na hekalu wameliacha palepale. Makuhani wake wanafuga nywele ndefu na kuzifunga fundo utosini. Walipita na soksi zao nyeupe bila kutoa sauti. Vijana wa maofisini, mabegi ya kompyuta mgongoni, walikuwa wakiwasha vijiti vitatu vitatu vya udi, wanainama, wanavichomeka kwenye chungu kikubwa cha chuma kilichojaa majivu, kisha wanarudi kazini.

Harufu haikuwa ile ninayoijua mimi. Udi wao una utamu wa maua, na ubani wa bibi yangu ulikuwa mkali, unakuna koo. Lakini moshi ni moshi. Macho yalianza kuwasha, na nikagundua nimesimama vilevile nilivyokuwa nikisimama nikiwa na miaka minane, mikono nimeikunja tumboni, ninangoja kuambiwa niitikie amina.

Mkalimani akaniona nimebadilika, akadhani nimependa. Akanipeleka kwenye ile meza. Pale unaandikisha jina la mtu wako ili makuhani wamwombee. Kuna karatasi nyekundu kwa walio hai, na karatasi ya njano kwa waliokufa. Sikuwa na nia ya kuandikisha mtu yeyote, lakini yule mzee alinitazama usoni, akasema kitu, na mkalimani akatafsiri: "Anasema una uso wa mtu anayemfikiria mama yake. Anauliza, mama yuko hai au ametutoka?"

Wa nyuma yangu akakohoa.

Sasa ngoja nikurudishe nyumbani, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mwanamke wa umri wangu, anayegombana na maseremala kutwa nzima bila kuchoka, alikosa neno.

Nyumba yetu Rwezamenyo ilikuwa ya matofali ya udongo, imepigwa lipu mbele tu, kwa ajili ya wageni. Vyumba viwili, ua wa nyuma na choo cha pamoja. Tulikuwa wawili, mimi na bibi. Ukuta mmoja tulichangia na jirani, fundi cherehani, na tangu asubuhi ulisikia mguu wake ukikanyaga ile cherehani, unatulia akikata uzi, unaanza tena. Nilijifunza kulala na ile sauti. Hata leo nikilala hotelini mahali pakimya mno huwa sipati usingizi.

Alhamisi ilianza kwa maji. Kabla ya shule nilikwenda bombani mara mbili na jerikani ya lita kumi, kwa sababu bibi alitaka kibaraza kioshwe, vikombe vioshwe, na mimi mwenyewe nioshwe hadi nyuma ya masikio. Jioni nikitoka chuoni, ambako mwalimu wetu wa Kurani alitufundisha kwa sauti kubwa na fimbo ndogo, nilimkuta bibi ameshakanda unga. Kazi yangu ilikuwa kupepea imbabura, lile jiko letu la makaa, na kugeuza chapati akiniambia geuza. Nikiunguza moja aliniambia hiyo ni yako. Chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi nyingi, tangawizi ya kukufanya utokwe na kamasi. Sahani ya kwanza haikuliwa nyumbani. Ilifunikwa kitambaa nikaipeleka kwa jirani, naye hakusema asante, alisema "Mungu awafikishie," na mimi kwa muda mrefu nilidhani kuna mtu mwingine anayepelekewa chapati mbali zaidi, nisiyemjua.

Baada ya magharibi bibi alichukua makaa mawili kwa koleo, akayaweka kwenye chetezo, akafungua kopo la maziwa ya unga alimotunza ubani. Akikaa kwenye mkeka aliniweka kuliani kwake. Kisha akaanza kuwataja.

Walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza ni baba yake, aliyekuja Kigali na wafanyabiashara kutoka Ujiji, akaoa, akasahau kurudi. Wa pili mama yake. Wa tatu mume wake, ambaye kila akimtaja alitabasamu kidogo, sijui alikuwa mtu wa vituko gani. Wa nne ni baba yangu, ambaye simkumbuki hata kidogo. Kuanzia wa tano hadi wa kumi sauti ya bibi ilishuka, aliyasema majina haraka huku akitazama makaa, na hata mtoto alijua kwamba hapo hapaulizwi kitu. Wa kumi na moja alikuwa dada yake, aliyekufa kwa uzee wake, kitandani mwake, na bibi alimtaja kama mtu aliyepata bahati. Kwa kila jina alisema, "Mungu amrehemu." Mimi nikaitika, "Amina." Nilikuwa na sauti nyembamba, na nilijiona nina kazi kubwa kuliko watoto wote wa Rwezamenyo.

Mama yangu hakuwa kwenye majina hayo kwa sababu mama alikuwa Kongo. Alikwenda Bukavu kununua vitenge, kama walivyokwenda wanawake wengi, akasema atarudi Jumapili. Jumapili hakurudi. Wiki mbili baadaye dereva mmoja wa lori alileta salamu kwamba amesogea mbele, Kisangani, biashara huko ni nzuri, tusiwe na wasiwasi. Baada ya salamu hizo hatukupata nyingine. Nilikuwa darasa la pili.

Basi kila Jumamosi bibi alinisuka nywele, ili mama akija Jumapili anikute ninapendeza. Na kila Jumapili nilivaa gauni langu la Idi, nikakaa kibarazani, nikitazama barabara inayopanda kutoka mjini. Watoto wenzangu wakinichokoza, eti mtoto wa kungojea mabasi, sikuwajibu. Sijui nilikaa hivyo Jumapili ngapi. Baadaye bibi akaacha kunisuka Jumamosi, akawa ananisuka siku yoyote akipata nafasi, nami gauni likanibana kwapani. Upweke wa siku zile sikuujua kwa jina. Nilidhani ni njaa, nikaomba chapati.

Bibi aliniambia kitu kimoja nilichokishika sana. Nilimuuliza kwa nini tunawataja watu kila wiki, hawachoki kuitwa? Akasema, "Tukiwataja wanajua hatujawasahau." Sasa weka maneno hayo katika kichwa cha mtoto wa miaka minane. Hawa kumi na mmoja wanapikiwa chapati, wanafukiziwa ubani, wanasemewa kwa sauti nzuri kuliko ile bibi anayonisemea mimi, na wanajua hawajasahauliwa. Na mama yangu je? Labda harudi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba tunamkumbuka.

Alhamisi moja, bibi alipomaliza dada yake, kabla hajainua mikono kwa dua, nilijaza kifua pumzi nikataja jina la mama. Nikalitaja kwa sauti kubwa, ili lifike Kisangani. Na nikamalizia mwenyewe, "Mungu amrehemu."

Kofi lilikuja kabla sijafunga mdomo. Bibi hakuwahi kunipiga usoni, si kabla wala baada ya siku ile. Alinishika mkono, akanitoa nje mbio, akanipa maji, akaniambia nisukutue niteme, nisukutue niteme, mpaka maji yakaisha kikombeni. Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza. Kisha bibi akachuchumaa mbele yangu.

"Huyo hatumtaji na wale," alisema. "Wale wamefika. Mama yako iko njiani. Unasikia? Iko njiani."

Nikasema nimesikia. Tulirudi ndani, akakaa tena kwenye mkeka, akaongeza kitu ambacho hakikuwapo: "Na aliye njiani, Mungu amrudishe salama." Nikaitika amina, shavu likiwaka. Tangu jioni ile haikupita Alhamisi bila sentensi hiyo. Majina kumi na moja, kisha kimya kidogo, kisha aliye njiani. Mimi nilikuwa naitika ya mwisho kwa nguvu kuliko zote, na nikaona kwamba kofi lile lilikuwa halali yangu.

Nilipofika miaka kumi na tatu nilikwenda shule ya bweni. Likizo nikirudi tuliendelea kama kawaida, mkeka, chetezo, kumi na moja, na aliye njiani. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Sikuwapo. Nilipofika walikuwa wameshamzika, na jirani alikuwa ameshafagia nyumba. Baada yake miaka ilikwenda, unajua mwenyewe, shule, kibarua, duka. Ubani niliacha kufukiza. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alilalamika moshi, nami sikubishana naye. Lakini ile sentensi sijaiacha. Kila Alhamisi nikifunga duka, nikiinama kufunga kufuli ya chini, ninaisema. Na aliye njiani, Mungu amrudishe salama. Maseremala wanadhani ninahesabu funguo.

Sasa umeelewa kwa nini pale mezani nilikosa neno. Mama angekuwa na miaka sitini na kitu. Mtu wa umri huo anaweza kuwa hai, mbona wapo wengi. Na mtu anaweza kukaa Kisangani, akaolewa huko, akaona aibu kurudi. Hizi hoja nimezipanga miaka mingi, kila moja ina mahali pake. Lakini huwezi kumpangia hoja mzee wa watu kwenye foleni, tena kwa mkalimani.

Nikasema, "Nyekundu."

Mkalimani akaliandika jina la mama kwa herufi zao, kwa kufuata sauti, na jina likawa na paa na miguu. Kisha mzee akauliza anwani. Kumbe ya walio hai lazima iwe na mahali, ili baraka ijue inabisha mlango gani. Kisangani siijui hata mtaa mmoja. Nikataja Rwezamenyo, nyumba ya tatu kutoka bombani, mlango wa bluu. Usiniulize fatwa, nilikuwa nimelowa na nilikuwa peke yangu. Niliinama, nikatoka, nikaenda kiwandani kugombana juu ya bei ya reli za droo.

Niliporudi Kigali ile anwani haikunipa usingizi. Nimempa mtu mlango ambao mimi mwenyewe sijaugusa miaka mingapi. Alhamisi ya kwanza nilifunga duka mapema, nikapanda pikipiki, nikashuka Rwezamenyo.

Nyumba haipo. Nilijua ilibomolewa, niliambiwa, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Pamesimama ghorofa mbili, chini wanauza simu, juu saluni. Bomba halipo, kila mtu ana maji ndani. Nikapita upenyo wa pembeni, na huko nyuma, kwenye kipande cha kiwanja kilichobaki, nikamkuta jirani yetu, fundi cherehani. Amezeeka, macho hayaoni sindano tena, cherehani ameifunika kwa kitenge na kuweka televisheni juu yake. Alinijua kwa sauti. Alinishika uso kwa mikono miwili, akalia kidogo, akanisema sana kwa kukaa Gisozi, mwendo wa dakika ishirini, na kutokuja kumwona.

Nikamsimulia habari ya hekalu, kwa sababu nilitaka acheke. Nilimsimulia makuhani wenye mafundo ya nywele, na mkalimani, na karatasi mbili. Alicheka hadi nilipofika kwenye nyekundu. Hapo akaacha.

"Bibi yako alikuwa anamtaja," alisema.

"Najua, jirani. Aliye njiani."

"Hapana, mwanangu. Anamtaja na wale. Wa kumi na mbili."

Nikamwambia amesahau, ni uzee, bibi alinipiga kofi kwa jambo hilohilo. Akasema kofi alilisikia, ukuta ulikuwa mmoja. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Alhamisi ile umeenda shule ya bweni, aliniita. Akasema, jirani, sina mtu wa kuniitikia, kuja unisaidie. Nikakaa pale wewe ulikuwa unakaa. Akataja wote, kumi na moja, halafu akamtaja mama yako. Mimi nikanyamaza, nikafikiri amekosea. Akanitazama tu, anangoja. Nikaitikia."

"Alipata habari? Kuna mtu alikuja?"

"Sikumuuliza, na yeye hakuniambia."

"Na likizo?"

"Likizo anasema, jirani, wiki hii usikuje, mtoto iko nyumbani."

Tulikaa. Msichana wa saluni juu alikuwa anaimba, anakosea maneno, anarudia. Nilitaka kumkasirikia bibi na sikuweza. Labda alipata habari, labda dereva mwingine alipita nikiwa shuleni. Labda hakupata chochote, alichoka tu kungoja, akaona afadhali ampe mtoto wake mahali pa kukaa. Aliyejua ni mmoja, naye alizikwa mimi sipo. Mlango wa bluu hauko tena, wala mkeka, wala yule mwanamke aliyeweza kulitaja jina la mume wake kwa tabasamu. Lakini hayo nilikuwa nimeshayazoea. Lililoniuma ni jingine. Miaka yote ile nilidhani tulikuwa wawili tunaomngoja mama, na nilikuwa mmoja. Likizo zote zile, amina yangu ya nguvu, bibi alikuwa ameshamaliza kungoja, ananisindikiza tu.

Nje wakaanza kuadhini magharibi, msikiti mmoja mbele, mwingine nyuma yake. Jirani aliswali akiwa amekaa kwenye kiti, mimi nikaswali nyuma yake. Alipomaliza akageuka akanishika goti.

"Leo ni Alhamisi," alisema. "Bibi yako hayuko, lakini mimi niko. Ukitaka, tumtaje. Wewe utaje, mimi niitikie. Halafu upumzike, mwanangu. Umengoja sana."

Nikamwambia wiki ijayo.

Akasema sawa, akaniwekea chai. Alhamisi iliyofuata nilikwenda na ubani, na unga, na mafuta. Nilimpikia chapati, tukala, tukaswali, akanigeukia, akangoja. Nikamwambia wiki ijayo.